Cheche na Petroli katika Pikipiki ya Baba

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kupata humu habari za mechi, za safari za Skauti na za mashindano ya usafi wa mabweni. Mimi naomba nafasi kidogo nieleze habari ya pikipiki moja kuukuu, na jinsi nilivyoiharibu mara mbili kwa mkono wangu mwenyewe. Mara ya kwanza niliiharibu kwa kukosea. Mara ya pili niliiharibu kwa kutengeneza sawasawa. Maneno haya ya mwisho huenda yakamshangaza msomaji, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwetu ni Lushoto, katika milima ya Usambara, karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kazi ya baba ni kuchukua mboga za watu, kabichi, karoti na nyanya, kutoka mashambani mpaka Mombo, ambako malori ya kwenda Dar es Salaam hupita. Toka Lushoto hata Mombo ni kilometa 33 hivi, kona juu ya kona, nawe hupita Soni njiani. Kwenda ni mteremko na mzigo. Kurudi ni mlima, na mara nyingi ni mzigo vilevile, kwa kuwa wenye maduka humpa unga na sabuni awaletee juu. Pikipiki yake ni ya silinda moja, ya mipigo minne, ya ujazo wa sentimeta za ujazo 125, tena ni ya zile za zamani zenye pointi. Vijana wa bodaboda humcheka, maana pikipiki zao zina kijisanduku cha CDI kisicho na kitu cha kusagika. Baba huwajibu kwamba alimposa mama akiwa juu ya pikipiki ile, na hatakubali ichekwe.

Basi likizo ya Juni, nilipokuwa Kidato cha Tatu, nilikuta pikipiki imeugua. Pale ilipokuwa ikipanda kwa gia ya tatu sasa ilitaka ya pili. Bomba la moshi lilipata moto hata likageuka rangi ya buluu karibu na injini. Baba alipofunga mafuta kwenye mteremko, bomba lilipiga pa! pa! kama baruti za watoto. Na kwenye sailensa haikutulia. Ukiiacha kidogo inazimika.

Nami nilikuwa nimesoma katika kitabu kimoja cha maktaba yetu kwamba injini ikipata hewa nyingi na petroli kidogo hupata joto, hupungukiwa na nguvu, tena hupiga kwenye bomba. Dalili zote tatu nilikuwa nimeziona kwa macho! Nikamwambia baba kwa sauti ya daktari, "Baba, pikipiki hii ina njaa ya petroli. Kabureta haikufungwa vizuri."

Sasa yataka mjue kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo fundi wetu alikuwa ameifungua kabureta ile kuisafisha. Fundi huyu ni rafiki wa baba tangu wakichunga mbuzi pamoja. Baba alikwenda kwake siku ileile, akamwambia mbele ya wateja kwamba amemharibia kabureta. Fundi akajibu kwamba hakuondoa ila uchafu. Baba akasema mwanawe amesoma, naye amekwisha ona kasoro. Toka siku hiyo wakikutana njiani hawakusalimiana, na baba hakumpelekea tena hata tairi la kuziba.

Kazi nikapewa mimi. Kwa wasioijua kabureta, nieleze kwa ufupi. Ndani yake mna kizibo ambacho hupanda unapovuta mafuta na kushuka unapoyaachia. Kizibo kikiwa chini kabisa, injini hunywa petroli kwa kitundu kidogo cha sailensa, nako kuna skrubu ya hewa. Katika kabureta yetu, ukiikaza, hewa hupungua na petroli huzidi. Kizibo kikipanda mpaka katikati, anayepima ni sindano iliyoning'inia chini ya kizibo, yenye mifuo mitano ya kutilia kipini. Ukishusha kipini mfuo mmoja, sindano huinuka na petroli huzidi. Kizibo kikiwa juu kabisa, anayetawala ni jeti kuu. Kisha iko skrubu nyingine ya mwendo, ambayo kazi yake ni kukizuia kizibo kisishuke mno injini ikazimika.

Nilishusha kipini kutoka mfuo wa 3 mpaka wa 5. Nikaikaza skrubu ya hewa karibu mzunguko mzima. Nikaikaza na skrubu ya mwendo, kizibo kikae juu zaidi, sailensa isife. Na hapa ndipo penye hila: pikipiki ikapata nafuu! Haikupona, lakini ilipanda vizuri kidogo kuliko kwanza, na bomba likapunguza kelele. Lita moja ya petroli iliyokuwa ikitupeleka kilometa 38 sasa ilitupeleka 30 tu, walakini baba aliona heri kulipia petroli kuliko kusukuma. Alinisifu mbele ya wageni. Nikarudi shuleni kifua mbele.

Muhula uliofuata nilimhadithia mwalimu wetu wa Fizikia, nikitazamia sifa nyingine. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na cheche ulitazama inaruka saa ngapi?" Nikasema cheche ilikuwako, kwa maana niliitoa plagi nikaiona ikiruka. Akasema, "Sikuuliza kama ipo. Nimeuliza inaruka saa ngapi." Akanipa chaki.

Tukapiga hesabu ubaoni. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni mara 100 kwa sekunde moja. Tuseme cheche inaruka digrii 30 kabla ya pistoni kufika juu. Digrii 30 kwa mwendo huo ni sehemu moja katika 1,200 ya sekunde. Petroli na hewa haziwaki mara moja kama tunavyodhani. Moto huanza kwenye plagi, hutambaa, kisha huenea silinda nzima, na jambo hilo lataka wakati. Pistoni haingoji. Kwa hiyo cheche huwashwa kabla pistoni haijafika juu, ili nguvu kubwa ya moto itokee pistoni imekwisha pita juu kidogo, digrii 15 hivi, inaanza kushuka. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Ukisukuma bado anakuja, unaumia mkono. Ukisukuma amekwisha kwenda zake, unasukuma upepo.

Cheche ikichelewa, basi, moto humfukuza pistoni anayekimbia. Badala ya kumsukuma, joto hutoka zima kwa mlango wa moshi. Ndiyo maana ya lile bomba la buluu. Ndiyo maana ya nguvu kupungua, na ya kupigapiga, na ya sailensa kufa. Dalili zile tatu nilizosema ni za njaa ya petroli ni dalili za cheche iliyochelewa vilevile.

Nikauliza, "Kama ni hivyo, mbona petroli niliyoiongeza ilisaidia?" Mwalimu akaelekeza kidole kwenye jiko la shule, ambako moshi ulikuwa ukipanda. Akasema mpishi akiona kuni ni mbichi huwasha moto mapema, la sivyo ugali utachelewa. Kuni zikiwa kavu aweza kuchelewa kidogo. Petroli kilo moja yataka hewa kilo 14.7 hivi ili iungue yote, lakini mchanganyiko wenye petroli zaidi ya hapo, hewa kilo 12.5 au 13, ndio uwakao kwa haraka zaidi na utoao nguvu nyingi. Ukiongeza hewa kupita kiasi, moto hutambaa polepole kama katika kuni mbichi. Nami kwa kuongeza petroli nilikuwa nimempa kuni kavu mpishi aliyechelewa kuamka. Ugali uliiva karibu na wakati wake, lakini kuni zilikwisha, na mpishi bado amelala.

Mwalimu aliniambia na jambo jingine ambalo lilinipendeza. Pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli, ile ya Daimler na Maybach ya mwaka 1885 huko Ujerumani, haikuwa na cheche kabisa; iliwashwa kwa kijibomba kilichopashwa moto kwa nje, wala mpandaji hakuwa na njia ya kuuwahisha moto wala kuuchelewesha. Baadaye pikipiki nyingi za Uingereza zilitiwa vijiti viwili kwenye usukani, kimoja cha kuwahisha cheche na kimoja cha hewa ya kabureta. Mpandaji wa zamani hizo aliendesha akivishika vyote viwili, akisikiliza. Siku hizi katika pikipiki nyingi mpya kazi zote mbili hufanywa na kompyuta, nasi hatuoni tena kwamba mambo haya mawili ni ndugu.

Likizo ya Desemba nilifika nyumbani jioni, na asubuhi nikafungua kifuniko cha pointi. Pointi ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Kijiti kinachozunguka na kemshafti huviachanisha, na papo hapo vinapoachana ndipo cheche inaporuka. Mguu mdogo wa pointi unaosuguliwa na kijiti kile ulikuwa umelika, kwa maana ulikuwa mkavu, hauna hata alama ya grisi. Mguu ukilika, nafasi ya pointi hupungua, nazo huchelewa kuachana. Nilipima kwa vibati vya fundi mmoja jirani. Palipotakiwa milimita 0.35 palikuwa na 0.15.

Nikaitengeneza nafasi kwanza, kwa sababu ukigusa nafasi umegusa na taimingi. Kisha nikafunga balbu ndogo kwenye waya wa pointi. Nikazungusha injini kwa mkono polepole mpaka alama ya F iliyo kwenye gurudumu la magneto ikutane na alama ya injini, nikasogeza sahani ya pointi mpaka balbu ikawaka papo hapo alama zilipokutana. Nikapaka grisi kidogo. Nikavitazama vile vizito viwili ambavyo mwendo ukizidi hufunguka na kuiwahisha cheche zaidi, vilikuwa vizima.

Nilipiga kiki moja tu. Pikipiki ililia kwa sailensa ya juu sana, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikailegeza skrubu ya mwendo, kizibo kikashuka, ikatulia. Nikaipeleka mpaka kwenye kilima cha karibu, ikapanda kwa gia ya tatu inaimba. Nilicheka peke yangu barabarani. Nikamwambia baba ni nzima.

Sikugusa kitu kingine. Sindano niliiacha mfuo wa 5, na skrubu ya hewa niliiacha ilivyokazwa.

Ilikuwa siku tatu kabla ya Krismasi, wakati nyanya zina bei. Baba aliondoka alfajiri na matenga mawili, moja la mama na moja la jirani yetu mjane, kuliwahi lori Mombo. Alikuwa akiteremka na mafuta ameyafunga, kona baada ya kona, na kabla hajafika Soni pikipiki ilianza kukohoa moshi mweusi, ikamisi, ikazimika. Alipiga kiki hata mguu ukafa ganzi. Plagi ya akiba hakuwa nayo, maana nilimwambia ni nzima. Lori liliondoka bila nyanya zetu. Alizisukuma mpaka Soni, akaziuza hapo kwa bei aliyopewa.

Alirudi usiku. Hakusema neno. Aliiweka plagi juu ya meza mbele ya sahani yangu, nyeusi kama chini ya chungu. Mama akasema, "Huyo fundi wenu ametumaliza." Nami nilijua kwamba nikinyamaza, neno hilo litakaa pale lilipo.

Nikasema, "Baba, si fundi. Tangu Juni si fundi. Ni mimi."

Baba aliendelea kula. Alipokwisha nawa mikono alisema, "Kesho utakwenda kumwambia mwenyewe. Mimi nilimsema mbele za watu. Wewe nenda kabla watu hawajajaa."

Nilikwenda nikisukuma pikipiki. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba." Akaendelea kuziba tairi lake. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, tangu kitabu cha maktaba mpaka matenga ya nyanya. Alijaza tairi upepo, akalisikiliza kwa shavu, akaliweka kando. Kisha akaniambia, "Lete bisibisi ndogo."

Kwanza alifungua kifuniko cha pointi akazungusha injini, akatazama balbu. Akasema, "Hii ameifunga nani?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Umeifunga vizuri." Nakiri kwamba neno hilo liliniuma kuliko kama angalinitukana.

Kisha akanionyesha kosa. Zamani cheche ilipokuwa ikichelewa, injini ilikuwa dhaifu, ikataka kizibo kikae juu ndipo isizimike. Petroli ya sailensa niliipima kwa kizibo kilichokaa hapo. Nilipoirudisha cheche mahali pake, injini ikapata nguvu, ikahitaji kizibo kishuke, nami nikakishusha. Walakini kizibo kikiwa chini, mvuto wa injini juu ya kile kitundu kidogo huwa mkali sana, na hewa ya kuipunguza petroli nilikuwa nimeifunga. Kwenye kilima changu cha majaribio sikuona kitu, kwa kuwa kupanda hutumia sindano. Bali mteremko wa Soni ni mrefu, nawe unashuka mafuta yamefungwa. Injini ilikunywa petroli isiyoweza kuiunguza, masizi yakajaa kwenye plagi, cheche ikafa. "Kipimo chako kilikuwa cha injini mgonjwa," akasema. "Mgonjwa amepona, wewe bado wampikia uji."

Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Alirudisha kipini mfuo wa 3. Aliiacha injini ipate moto vizuri, akafungua skrubu ya hewa kidogo kidogo mpaka mwendo ukapanda kabisa, akashusha sailensa kwa skrubu ya mwendo, akairudia ile ya hewa tena, kwa sababu ukigusa moja nyingine hudai haki yake. Kisha tulikwenda mlimani. Tulipanda kwa gia moja mpaka juu, akazima injini huku ameshika klachi, tukatoa plagi na kuitazama. Mfuo wa 4 ulikuwa na masizi. Mfuo wa 2 plagi ilikuwa nyeupe, na pikipiki ilichoka njiani. Akasema mchanganyiko mwepesi hivi huwaka polepole na hutaka cheche iwahi zaidi, lakini mtu wa mizigo hafai kucheza hapo. Mfuo wa 3 ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Nilimwomba anionyeshe cheche ikiwahi kupita kiasi huwaje. Akasogeza sahani ya pointi kidogo tu. Sailensa ikapanda yenyewe bila kuguswa. Nilipopiga kiki, nayo ikanipiga teke kwa nyuma. Mlimani ikagonga ndani kama kokoto katika debe. Akanizuia mara moja. Akasema sauti ile ni moto unaolipuka kabla ya wakati wake, na mtu akiendelea nayo hutoboa pistoni. Tukairudisha kwenye alama ya F.

Jioni baba alikuja kwa miguu. Alisimama mlangoni pa gereji, mahali ambapo hakukanyaga kwa miezi sita. Akauliza, "Deni langu ni kiasi gani?" Fundi akasema, "Bei ya plagi." Baba akalipa mara mbili ya bei ile, Fundi akairudisha nusu, baba akaikataa. Wakaniambia niende nyumbani na pikipiki, wao wana maneno yao.

Juzi nilipata barua ya baba hapa shuleni. Mistari miwili ya kwanza ni salamu. Iliyobaki ni hii: lita moja sasa huenda kilometa 41, pointi zilikuwa zimeshuka mpaka 0.30, wakazirudisha, taimingi waliitazama kwa balbu baada ya hapo, na skrubu ya hewa wakaigeuza robo mzunguko kwa kufungua. Fundi anauliza kama nakubali.